Kipanya cha Bi Nukta

Mara ya tatu Bi Nukta alipopiga simu kusema kigurudumu cha kipanya chake kimegoma, Fundi alianza kucheka kabla hajakata simu.

"Tena?" aliuliza karani wa mapokezi, ambaye meza yake ilikuwa hatua nne kutoka karakana ya kompyuta, na masikio yake karibu zaidi ya hapo.

"Tena. Yule mama, vipanya vikimwona tu vinakufa ganzi."

Wakacheka wote wawili, wala hakuna aliyehisi kuwa amekosa adabu. Bi Nukta mwenyewe alikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya karatasi, na kicheko hakikufika huko.

Lakini huyu Fundi asije akadhaniwa mtu mbaya. Alikuwa fundi hasa. Kampuni ile ya uchapaji ilikuwa na kompyuta sitini na mbili, naye alizijua moja moja kama mzazi anavyojua wanawe: hii hukohoa asubuhi, ile hujizima ikichoka, ile nyingine haitaki kuguswa na mtu yeyote wa uhasibu. Ukimwita, anafika. Akifika, hakawii. Vidole vyake vilikuwa vinajibu kabla hujamaliza kueleza shida, na hapo ndipo penye kasoro yake, maana mtu mwenye vidole vyepesi namna ile masikio yake hukaa bila kazi.

Kila kazi aliyoimaliza aliiandikia fomu yenye mistari mitatu: tatizo, chanzo cha tatizo, hatua iliyochukuliwa. Mara ya kwanza Bi Nukta alipolalamika, Fundi alifungua faili, akaweka kidole juu ya kigurudumu na kukivuta kuja kwake. Kurasa zikapita vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mama, mbona kinakwenda?" Bi Nukta akajaribu mwenyewe, kikaenda. Akabaki akikikodolea macho, kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino, akafika mlangoni kwa daktari na jino likaacha kuuma. Kwa kumheshimu, Fundi akampa kipanya kipya, na kwenye mstari wa chanzo akaandika: Hakionekani.

Baada ya siku nne simu ikalia. Safari hii alipuliza vumbi, akahamisha waya kwenye tundu jingine, akaifuta programu ya kipanya na kuiweka upya. Aliona pia kwamba mtu fulani ameweka mipangilio ya ajabu: kigurudumu kikigonga mara moja, ukurasa unasogea mstari mmoja tu. Akacheka peke yake, akarudisha mistari mitatu kama kwenye kompyuta zote za jengo lile. Akajaribu, kikaenda. Bi Nukta akajaribu, kikaenda. Fundi akashuka ngazi na kuandika chanzo cha tatizo kwa neno moja: Mtumiaji.

Neno hilo moja ndilo lililopanda ngazi likafika kwa Meneja.

Asubuhi ya siku hiyo ya simu ya tatu, Meneja alikuwa amemwita Fundi ofisini kwake na kufunga mlango.

"Hili suala la Bi Nukta," alisema. "Mimi sina ugomvi naye, unajua. Nilimkuta hapa. Lakini kitabu cha dozi za watoto kimekwama. Mpaka mwaka jana alikuwa anasoma kwenye karatasi, mambo yalikwenda. Tumempa kompyuta, basi, imekuwa nyimbo: kigurudumu, kigurudumu. Jana nilichungulia, skrini inaonyesha ukurasa wa ishirini. Leo asubuhi nimechungulia, ukurasa wa kumi na moja. Wiki tatu, Fundi! Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi na mbili, na yeye anarudi nyuma!"

Fundi alitikisa kichwa kwa huruma.

"Na wewe mwenyewe umeandika, tatizo ni mtumiaji." Meneja akavuta droo na kuonyesha bahasha nyeupe. "Barua ya kumpumzisha. Kwa heshima zote, na picha yake tutaitundika pale chini. Akilalamika tena, niletee fomu ya tatu niiambatanishe. Saa tisa nina kikao, naitia sahihi hukohuko. Kitabu tutakipitisha kwenye ile programu ya kusahihisha, kesho mitambo iwake."

"Sawa, bosi," Fundi alisema. Kitu fulani kilimwasha moyoni, lakini alijikuna kidogo kikapita. Mtu mzima yule, kazi yenyewe ya macho, acha apumzike. Simu ilipokuja saa sita, aliijaza ile fomu ya tatu kabla hata ya kupanda ngazi, ili kuokoa muda. Chanzo cha tatizo: Mtumiaji. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Shikamoo, Bi Nukta."

"Marahaba, mwanangu. Leo usikiguse."

"Nisiguse nini?"

"Kipanya. Ukikigusa wewe, kinapona. Ukitoka, kinaugua. Vuta kiti hicho, ukae, unitazame mimi."

Katika miaka tisa ya kazi ndani ya jengo lile, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi akae. Watu walimwambia njoo, fanya haraka, bado tu? Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, kisha akakaa kwa sababu sauti ya yule mama ilikuwa ya kukalisha watu.

Bi Nukta alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba na kuning'inia kifuani. Alikuwa msahihishaji wa mwisho, yaani yule anayesoma kitabu baada ya wengine wote kumaliza na kabla mitambo ya chini haijaanza kunguruma. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka thelathini na nne. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye daftari la mishahara tu. Hilo la Nukta alipewa mwaka wake wa kwanza, alipoteremka ngazi mbio akasimamisha mtambo ukiwa umeshaanza kuzunguka, kwa ajili ya nukta moja. Wapiga chapa walimtukana. Baadaye walipoona nukta yenyewe ilikuwa wapi, wakamwomba radhi, na jina likabaki.

Kwenye kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kulikuwa na uzi mweupe wa pamba, umezungushwa mara nyingi kama pete nene. Aliufungua kiasi, akakata kipande, akauvuta kukatiza skrini kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaubandika ncha zote mbili kwa gundi laini. Mwingine uliobaki akauacha palepale kidoleni.

"Huo wa nini, mama?"

"Wa kunishikia mstari. Kwenye karatasi nilikuwa nauteremsha na kuupandisha kwa kidole. Hapa karatasi haipo, basi uzi nimeusimamisha, naisogeza karatasi yenyewe. Kigurudumu kikigonga mara moja, mstari mmoja unakuja kukaa juu ya uzi." Akamtupia jicho juu ya miwani. "Isipokuwa kuna mtu huwa anakuja kuweka mitatu."

Fundi alihisi masikio yake yanapata moto. "Na wewe unarudisha mmoja?"

"Nilitafuta siku nzima mahali pa kurudishia. Nimeandika kwenye kadi." Ilikuwepo kweli, imebandikwa chini ya skrini kwa mwandiko wa shule: hatua tano za mipangilio ya kipanya, zimepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuzieleza Fundi mwenyewe kwa mtu yeyote.

Akaanza kusoma. Kidole chake chenye uzi kilisukuma kigurudumu kwenda mbele, mbali na yeye, tik, na mstari wa juu ukateremka ukakaa juu ya uzi. Midomo yake ilicheza bila sauti. Tik. Mstari mwingine ukateremka. Alikuwa anatoka chini ya ukurasa anapanda juu.

"Bi Nukta, samahani. Mbona unasoma kinyumenyume?"

"Kinyume cha nini?"

"Unatoka mwisho unakwenda mwanzo."

Yule mama alimgeukia, na kwa mara ya kwanza ndiye aliyeonekana kushangaa. "Sasa ningesomaje? Ukitoka mwanzo, akili inajua kinachofuata. Inakimbia mbele ya macho na kukuonyesha ilichokitarajia. Ukitoka mwisho haijui lolote, inalazimika kutazama. Sisi wote tuliojifunza kazi hii kwenye karatasi tulifundishwa hivyo. Nilidhani mnajua."

"Hatujui."

"Basi hamkuuliza."

Fundi aliitazama ile namba pembeni mwa skrini: ukurasa wa kumi na moja kati ya mia tatu na kumi na mbili. Mama huyu hakuwa amesoma kurasa kumi na moja. Alikuwa amesoma mia tatu, mstari kwa mstari, kwa kigurudumu kibovu, na zilizobaki ndizo kumi na moja.

Angesema kitu, lakini hakutaka kumkatiza, kwa sababu kumtazama kulikuwa kumeanza kumpendeza. Kuna raha ya kumwona mtu anayeijua kazi yake. Bi Nukta hakuharakisha wala hakuzubaa. Kila mstari aliupa muda uleule, mfupi au mrefu, kichwa cha habari au maelezo ya chini, kama mgawa chakula asiyetaka mtoto wa mtu apate pungufu. Ukurasa ule ulikuwa na jedwali, uzito wa mtoto upande mmoja na kipimo cha dawa upande wa pili, na Fundi alijikuta naye anasoma uzito huo pamoja naye kimoyomoyo, akipanda. Kumi na mbili. Tik. Kumi na moja. Tik. Tisa. Tik. Tisa. Tik. Nane.

Kidole kikasimama.

"Hapa," alisema Bi Nukta.

Fundi alitazama. Aliona jedwali zuri, mistari imenyooka, tarakimu zinasomeka. "Hapa pana nini?"

"Mtoto wa kilo kumi hana mahali."

Mpaka alipoweka ncha ya penseli kwenye kioo ndipo Fundi alipoona. Tisa ilikuwa imeandikwa mara mbili, na kumi haipo.

"Kitabu hiki wanapelekewa wauguzi wa zahanati," Bi Nukta alisema, huku akiandika kwenye kikaratasi kwa wino mwekundu. "Mtu yuko peke yake, foleni imefika nje, mtoto anachemka. Anatafuta kumi, haioni. Atafanya nini? Atakisia."

Jedwali lile lilikuwa limepita kwa mwandishi, kwa mhariri, kwa mpangaji kurasa, na hata ile programu ya Meneja isingeona ubaya wowote kwa kuwa tisa ni tisa, haijakosewa. Fundi alikuwa na binti mdogo nyumbani. Wiki iliyotangulia walikuwa wamempeleka kliniki, na kwenye kadi yake muuguzi aliandika kilo kumi na gramu mia moja. Alimtazama yule mama mwembamba na pete yake ya uzi, akajisikia mdogo, tena akajisikia kushukuru, na hakujua aanze na lipi.

Bi Nukta aliweka kikaratasi pembeni, akarudisha kidole. Tik. Tik. Kigurudumu kikawa kizito. Alisukuma kwa ukucha, kikagoma kabisa.

"Umeona sasa?"

"Nimeona, mama. Naomba nikiguse."

Kwa mazoea kidole chake kikavuta kuja kwake. Kikaenda, laini kabisa. Siku nyingine yoyote angesema kinakwenda, akainuka. Safari hii alinyamaza, akasukuma kwenda mbele kama alivyokuwa akifanya Bi Nukta. Mara tano kikaenda. Mara ya sita kikabana. Akavuta nyuma, kikalegea. Akasukuma, kikabana tena, lakini hakikubana kama kitu kilichovunjika. Kilikuwa kinakazwa kidogo kidogo, na mkono wake ulikuwa unaufahamu mkazo huo tangu zamani kabla hajajua kompyuta ni nini.

Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa na gurudumu ambalo kila baada ya wiki lilikataa kwenda mbele, na yeye, mtoto mwenye vidole vyembamba, ndiye aliyetumwa kuchokoa nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. "Rudisha nyuma kwanza, liachie," mama yake alikuwa akisema, "halafu ndio uchokoe."

Alitoa bisibisi ndogo, akafungua tumbo la kipanya. Kwenye ekseli ya kile kigurudumu, nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti, palikuwa pamejiviringa unyoya wa pamba, mweupe, mzuri kabisa, umekazwa kama umefumwa. Bi Nukta aliinama kuutazama, kisha akainua kidole chake cha shahada na kuutazama uzi uliokizunguka, uliokuwa umechakaa na kutoa nyuzinyuzi.

Mambo yote yalikuwa wazi pale mezani. Ukisukuma mbele, kigurudumu kinanyonya nyuzi kutoka kidoleni na kuzisokota. Ukivuta nyuma, zinalegea. Na Fundi, kila alipokuja, alivuta nyuma tu, kutoka mwanzo wa faili hadi mwisho, akizilegeza mwenyewe bila kujua, kiasi kwamba hata Bi Nukta alipojaribu mbele yake kilikwenda.

"Kumbe ni mimi," Bi Nukta alisema taratibu. "Kumbe mtumiaji."

Neno lile lilimchoma Fundi kuliko alivyotarajia. "Hapana, mama. Hapana kabisa. Ni mimi. Ningekaa kwenye kiti hiki siku ya kwanza, ningeona siku ya kwanza."

"Uzi ni wangu."

"Na kazi ya kuuona ni yangu." Alichokoa unyoya wote kwa sindano, akakirudisha kigurudumu. Aliwaza kumwekea mstari ndani ya kompyuta yenyewe asihitaji uzi, akafungua mdomo kusema, kisha akaufunga. Mtu aliyesoma kurasa mia tatu namna hii si wa kubadilishiwa vyombo. Badala yake akauliza, "Mama, una mshumaa?"

Alikuwa nao, kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Fundi alichukua uzi mpya, akaupitisha juu ya nta mara mbili, tatu, kama alivyozoea kumwona mama yake akifanya kabla ya kushona vifungo. Uzi ukatoka laini, hauna hata unyoya mmoja. "Na huu uliobaki uhamie kidole cha kushoto," alisema.

Bi Nukta alizungusha uzi kwenye kidole cha kushoto, akakikunja, akakikunjua. Akasukuma kigurudumu. Tik, tik, tik, mpaka juu ya ukurasa. Akacheka kicheko kifupi cha msichana.

"Una mikono ya kushonea, wewe. Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Mwambie mwanawe ni fundi."

Fundi alikuwa amesifiwa mara nyingi katika jengo lile, lakini hakukumbuka sifa iliyomkaa kifuani namna ile, na palepale kifuani, ndani ya mfuko wa shati, ile fomu ya tatu ikaanza kumchoma.

Alikwenda moja kwa moja kwa Meneja. Ilikuwa saa saba na nusu. Alieleza yote akiwa amesimama: uzi, ekseli, kusoma kutoka mwisho, kurasa mia tatu, mtoto wa kilo kumi. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mgumu, lakini alikuwa mtu wa mafaili.

"Nakuamini," alisema. "Ila kikao kinaona karatasi, hakikuoni wewe. Hapa nina fomu yenye sahihi yako inasema mtumiaji. Nikienda nikasema fundi amebadili mawazo, wataniuliza amepewa nini. Karatasi hufutwa na karatasi. Niandikie, niipate kabla ya saa tisa, tuone."

Fundi alikwenda karakana, akaichana fomu ya tatu, akachukua karatasi safi. Mtu ambaye angeweza kuifumua kompyuta gizani alikaa na kalamu dakika arobaini, jasho likimtiririka, na karani wa mapokezi akiuliza kila dakika tano anaandika wosia au nini. Ilipotimia saa nane na nusu alikuwa na ukurasa mmoja. Aliusoma, akaona haueleweki. Kulikuwa na mtu mmoja tu katika jengo zima ambaye hakuna karatasi iliyotoka mikononi mwake ikiwa na kosa, na ndiye ambaye barua ilimhusu. Alipiga moyo konde, akapanda ngazi.

"Bi Nukta, nina karatasi inakwenda kwa Meneja. Naomba uipitie. Lakini, mama, humo ndani kuna jambo ambalo sijui kama umeambiwa."

"Mimi huwa siambiwi. Nasoma."

Aliiweka mezani, akaunyoosha uzi wake mpya juu ya karatasi. Akaanza chini, na hapo ndipo Fundi alipotambua alichokifanya. Mstari wa chini kabisa wa barua, wa kwanza kwake yeye, ulisema: Kwa hiyo naomba barua ya kumpumzisha kazi isitiwe sahihi.

Uzi ulikaa chini ya mstari ule. Fundi alitamani sakafu ipasuke. Aliweza kusikia mitambo ikinguruma chini, na vioo vya dirisha vikitetemeka kidogo kama kawaida. Bi Nukta hakuinua macho. Aliupa mstari huo muda alioupa mistari yote, labda na kidogo zaidi, kisha kidole kikapandisha uzi. Mstari uliofuata. Uliofuata. Akapanda hivyo mpaka juu, kutoka kwenye hukumu yake mwenyewe hadi kwenye tarehe.

Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akachukua kalamu nyekundu. Akaongeza nukta mbili. Akaunganisha neno lililotenganishwa. Kisha akapiga mstari mwekundu ulionyooka katikati ya ukurasa, na mwingine karibu na mwisho.

"Umeandika 'ni kosa langu' mara tatu," alisema. "Mara moja inatosha."

Fundi aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Nenda," Bi Nukta alisema, akiwa ameshaigeukia skrini. "Saa tisa inakaribia, na mimi nina kurasa za watu."

Meneja alikuwa anavaa koti. Aliisoma ile karatasi amesimama, kisha akakaa akaisoma tena, na safari ya pili Fundi aliyaona macho yake yakijaribu, kwa siri, kuanzia chini. Akaweka kidole juu ya wino mwekundu.

"Hii barua ni yako. Nani kakukatia maneno?"

"Bi Nukta."

"Na wewe umekubali akukatie?"

"Bosi, yeye ndiye msahihishaji wa mwisho."

Meneja akavuta droo, akatoa bahasha nyeupe, akaitazama kidogo upande huu na upande ule, akaipasua katikati pamoja na kilichokuwa ndani.

"Kurasa ngapi zimebaki?" aliuliza.

"Hazizidi kumi."

"Mwambie asiharakishe," Meneja alisema. "Mitambo itamsubiri."